Ajali Ina Kinga, na Ubao Una Mwenyewe

Katika nchi yetu yako maneno mawili ambayo husemwa kila mara mtu anapoumia kazini. La kwanza ni "Bahati mbaya." La pili ni "Ajali haina kinga." Husemwa kwa huruma, tena na watu wema wenye nia ya kumfariji mgonjwa na kuituliza nyumba yake. Lakini maneno hayo yana dosari moja kubwa: yakisha kutamkwa, habari imekwisha. Haulizwi mtu, haandiki mtu, wala hakitengenezwi kitu. Ndiyo maana leo twapenda kuyapima mbele ya wasomaji wetu, na mahali pa kuyapimia ni Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako kazi nyingi bado hufanywa kwa miguu ya mtu na kichwa chake.

Tuanze na mtu mmoja. Yeye ni mfano tu, wala hana jina, lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi ghalani au ufukweni atamtambua. Ni mwezi wa Aprili. Mvua imenyesha usiku kucha, na alfajiri bado yanyunya. Mtu huyu amejitwika gunia la mchele. Kutoka mlangoni mwa ghala hadi juu ya lori pana ubao mmoja, upana wake kama nyayo mbili zilizowekwa pamoja. Juma lililopita ubao ulianza kupasuka. Ukageuzwa, upande wenye ufa ukaelekezwa chini, kazi ikaendelea. Miguuni amevaa kandambili. Hulipwa kwa kila gunia, wala halipwi kwa saa, kwa hiyo hapumziki. Amekwisha kupanda mara kumi na tisa. Mara ya ishirini ubao wacheza, mguu wateleza, naye aanguka, na gunia lamfuata chini.

Wenzake wakamwinua kwa kumshika mikono na miguu, wakampakia katika pikipiki katikati ya watu wawili. Mwenye mzigo, ambaye si mtu mbaya, akatoa fedha kidogo za dawa. Karani hakuwa na la kuandika, kwa maana jina la mtu yule halimo katika kitabu chochote. Kila mtu akasema pole. Kesho yake ubao ule ule ukalazwa mahali pale pale, na mtu mwingine akaupanda.

Sasa twauliza: katika habari hiyo, bahati ilikuwa wapi? Mvua ya Aprili si bahati. Huja Kyela kila mwaka, na mvua za bonde lile kwa mwaka huzidi milimita 2,000, karibu mara mbili ya zile za Dar es Salaam. Ubao wenye ufa si bahati, kwa kuwa mtu aliuona akaugeuza kwa mikono yake. Kandambili si bahati, uzito wa gunia si bahati, wala malipo yanayomkimbiza mtu si bahati. Vitu vitano vilikuwa vimekwisha kupangwa kabla ya jua kuchomoza. Kilichobaki kilikuwa ni siku tu.

Watu wengi hudhani ya kwamba hatari za kazi ziko migodini na katika viwanda vikubwa vyenye moshi na magurudumu. Ziko huko, hatukatai. Lakini na tuitazame Kyela yenyewe. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani, ikaeneza udongo wenye rutuba hadi ziwani. Upande wa mashariki milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, na chini yake ndipo ilipo Matema. Nchi hiyo hutoa mpunga ambao sifa zake zimeenea Tanzania yote, hutoa kakao, mawese na ndizi, hutoa samaki. Na katika kila kazi ya hizo mna mahali pa kuanguka.

Katika mashine za kukoboa mpunga, Kyela mjini na Ipinda, pumba humwagika sakafuni. Pumba kavu juu ya saruji laini huteleza kama mchanga juu ya kioo. Mashambani mwa kakao, maganda yaliyopasuliwa huachwa njiani yakaoza, nayo yakioza huwa kama sabuni chini ya mguu wa mtu aliyebeba ndoo ya mbegu mbichi. Mchikichi mzee huwa mrefu kuliko nyumba, na mtu huupanda kwa kamba, panga mkononi, ili akate mkungu mmoja. Mafundi wa nyumba husimama juu ya majukwaa ya miti iliyofungwa kwa kamba ambazo mvua imezilegeza. Mvuvi wa usipa hufanya kazi usiku, juu ya mbao zilizolowa maji na magamba. Nao akina mama wa Kikisi, wafinyanzi hodari wa Ikombe, hupeleka vyungu vyao kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema. Hapo hapana budi chombo kishuke mikononi au kichwani mwa mtu aliyesimama katika maji yanayosukuma na juu ya mawe yasiyotulia. Akijikwaa, hasara ni mbili: mfupa na kazi ya siku nyingi.

Ziko pia bandari za Itungi na Kiwira. Huko Itungi ndiko zilikoundwa meli za MV Ruvuma na MV Njombe, na kila moja yaweza kuchukua tani 1,000 za mizigo. Msomaji na afanye hesabu pamoja nasi. Tani 1,000, kama zingekuwa za magunia ya kilo mia moja, ni magunia 10,000. Likibebwa kila gunia na mtu mmoja, ni safari 10,000 za kupanda na kushuka ili kuijaza meli moja mara moja. Hatusemi kwamba meli hizo hupakiwa hivyo. Twasema tu kwamba popote shehena inapopita juu ya mabega ya watu, iwe melini, ghalani au katika lori, ubao mbaya haujaribiwi mara moja. Hujaribiwa mara elfu nyingi, na ubao unaojaribiwa mara elfu nyingi mwisho hupata mtu wake.

Yafaa tueleze mtu huanguka namna gani, kwa sababu ajuaye namna atajua na dawa. Mtu atembeapo, kidole cha mguu unaopita mbele huinuka juu ya ardhi kwa kiasi cha sentimita moja au mbili tu. Maumbile yametuzoeza kutopoteza nguvu kwa kuinua mguu bure. Kwa hiyo kitu kidogo sana chatosha kumkwaza mtu: ncha ya ubao iliyochomoza, kamba iliyolala njiani, kidato kimoja cha ngazi kilichozidi wenziwe kwa unene wa kidole. Hiyo ndiyo sababu ngazi yenye vidato visivyolingana ni mbaya kuliko ngazi ndefu. Mguu huhesabu vidato viwili vya kwanza, kisha huamini vyote vilivyobaki ni sawa.

Kuteleza ni jambo jingine. Hapo kisigino hugusa chini, lakini chini hakikishiki. Maji, tope, mawese au pumba huingia kati ya unyayo na sakafu, na mwili hutangulia huku mguu ukikimbia. Mtu mwenye mikono mitupu huweza kunyoosha mikono akashika kitu. Mchukuzi hana mikono, kwa kuwa mikono yake imeshika gunia. Hana macho pia, kwa kuwa mwenye mzigo mkubwa kichwani au mgongoni hazioni nyayo zake. Ndiyo maana mtu huyo, ambaye angehitaji njia nzuri kuliko watu wote, kumpa njia mbaya kuliko watu wote ni ukatili, hata kama hakuna aliyekusudia ukatili.

Na mzigo wenyewe? Serikali imefanya vema kupiga vita lumbesa, na sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lakini tusisahau sheria ile ilitungwa kwa ajili ya nani. Ilitungwa ili mkulima asiibiwe na mnunuzi. Haikupima mgongo wa mchukuzi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo kwamba, mahali ambapo mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mtu mzima unazidi kilo 55, hatua zichukuliwe upesi ili upunguzwe ufike kiasi hicho. Basi gunia letu la halali, lisilo lumbesa hata kidogo, lakaribia mara mbili ya kiasi hicho. Twamsifu mfanyabiashara kwa kuwa amefuata kipimo, huku kijana wa kilo sitini akipanda ubao na kilo mia juu ya shingo.

Wako watakaosema kwamba kuanguka ni jambo dogo, la kupaka dawa na kulala siku mbili. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, wa makazini na wasio wa makazini, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Katika vifo vyote vya ajali, kuanguka ni kwa pili baada ya ajali za barabarani. Na huko Uingereza, penye viwanda vingi na wakaguzi wengi, kuteleza, kujikwaa na kuanguka mahali palipo sawa husababisha karibu theluthi moja ya majeraha yasiyoua ambayo waajiri hutoa habari zake. Ikiwa ndivyo ilivyo penye sakafu kavu na taa za umeme, je, penye tope na koroboi?

Hata ajali isiyoua ina bei yake. Mtu akianguka, kwa kawaida hutanguliza mkono, na mfupa wa karibu na kifundo cha mkono huvunjika. Mfupa huo huhitaji majuma sita hivi ili uunge. Majuma sita ya mwezi wa Mei na Juni, wakati wa mavuno ya mpunga, ndiyo mwaka mzima wa kibarua: ni ada na sare za watoto, ni bati la nyumba, ni deni la dukani. Akiumia uti wa mgongo, huenda asitembee tena maisha yake yote, na mke wake au mama yake huacha shamba ili amgeuze kitandani mchana na usiku asipate vidonda. Uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba miongoni mwa watu walioumia uti wa mgongo kwa ajali, walioanguka walikuwa wengi kuliko walioumia barabarani. Mdharau mwiba, walisema wazee, mguu huota tende.

Basi tuje kwenye neno letu kubwa: ubao una mwenyewe. Jambo hili si geni duniani. Katika Torati, kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo amri kwa mtu ajengaye nyumba mpya, kwamba azungushie dari yake ukuta mdogo, asije akaitia nyumba yake hatia ya damu mtu akianguka kutoka huko. Angalia amri ile imempa nani wajibu. Haikumwambia apitaye juu ya dari awe mwangalifu. Ilimwambia mwenye nyumba ajenge ukuta.

Sheria za nchi yetu zimeshika njia hiyo hiyo. Zamani za utawala wa Kiingereza ilikuwako sheria ya viwanda ya mwaka 1950, nayo ilidumu hata baada ya Uhuru. Mwaka 2003 Bunge lilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5, ikachukua nafasi yake. Sheria hiyo haikuishia viwandani. Yamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama, njia na ngazi zikiwemo; nayo yampa mfanyakazi wajibu wake pia, wa kujiangalia, kuwaangalia wenzake na kuitaja hatari anayoiona. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, uitwao OSHA, umepewa kazi ya kukagua.

Kisha ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko ulianza kazi Julai 2015. Kabla ya hapo mtu aliyeumia alimfuata mwajiri wake kama mdai amfuataye mdaiwa, na wengi walichoka njiani. Sasa waajiri wote wa Tanzania Bara huchangia Mfuko, na tangu mwaka 2022 mchango wa mwajiri binafsi umepunguzwa ukawa nusu ya asilimia moja ya mshahara, sawa na ule wa Serikali. Yaani kwa kila shilingi 100,000 za mshahara, shilingi 500. Mchango huo ni wa mwajiri peke yake, wala haukatwi katika mshahara wa mfanyakazi.

Mfanyakazi aliyeumia hupata matibabu, na asipoweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 24. Mwenye mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi, basi, angepata 210,000. Akibaki na ulemavu wa kudumu yako malipo ya mkupuo au pensheni kwa kadiri ya ulemavu wake. Na akifariki, wategemezi wake hawaachwi hivi hivi. Lakini sheria ina saa yake. Habari ya ajali isipotolewa ndani ya miezi 12, haki yaweza kupotea. Mtu anayesubiri "hali itengemae kwanza" huamka siku moja akakuta hali haikutengemaa na mwaka umepita.

Hapa ndipo lilipo tatizo la mtu wetu wa kwenye ubao. Ukimwuliza, "Ndugu, umeajiriwa na nani?" hucheka. Atakuambia mzigo ni wa tajiri fulani, ghala ni la mtu mwingine, lori ni la wa tatu, na anayegawa kazi ni kiongozi wa kundi lao wenyewe. Wote hao wamo katika faida ya gunia lile, lakini mtu akianguka kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole. Mchukuzi mwenyewe naye huamini kwamba kwa kuwa hakutia sahihi karatasi yoyote, sheria haimjui. Si kweli hata kidogo. Mkataba wa kazi waweza kuwa wa mdomo, na malipo yaweza kuhesabiwa kwa saa au kwa kazi iliyofanywa. Shida iko katika kuthibitisha. Mtu asiyeandikwa popote, nani atasema kwamba aliangukia kazini, wala hakuangukia njiani akitoka kilabuni?

Kwa hiyo twasema, dawa ya kwanza ni daftari. Kila ghala, kila mashine ya mpunga, kila chama cha ushirika kinachokusanya kakao, na kila kundi la wapagazi liwe na daftari moja la majina ya waliofika kazini siku ile, na ukurasa wa ajali. Iandikwe siku, saa, mahali, jina, na kilichomwangusha. Wala isiandikwe "aliteleza" tu, bali "aliteleza juu ya mawese yaliyomwagika karibu na mlango." Mara tatu mawese yale yale yakiandikwa, hata mwenye moyo mgumu ataona aibu. Anguko lisiloandikwa hurudi, kwa maana halikumfundisha mtu.

Dawa ya pili ni ubao wenyewe, nayo si ghali. Badala ya ubao mmoja, ziwekwe mbao mbili au tatu zilizounganishwa, ili mtu apite bila kuchezea kamba kama mwanasarakasi. Juu yake vipigiliwe vipande vyembamba vya kukatisha, mguu upate pa kushika. Ncha zote mbili zifungwe zisihame, na upande mmoja iwekwe kamba au mti wa kushikia. Ubao uliopasuka usigeuzwe. Upasuliwe kuni siku ile ile, ili asije akaurudisha mtu mwenye haraka. Pumba zifagiwe kila baada ya muda, wala zisingoje jioni. Mawese yaliyomwagika yamwagiwe majivu, kisha yasuguliwe kwa maji ya moto na sabuni. Maganda ya kakao yarundikwe mahali pamoja nje ya njia. Taa iwashwe kabla ya giza kuingia. Na viatu viwe vyenye meno. Kandambili ni kiatu cha kwendea bafuni.

Dawa ya tatu ni mzigo. Palipo na mkokoteni, mtu asibebe. Pasipo na mkokoteni, gunia la kilo mia na libebwe na watu wawili, au mali itiwe katika mifuko ya kilo 50. Twajua wenye mali watasema ya kwamba mifuko miwili ina gharama kuliko gunia moja. Ndiyo, ina gharama. Lakini na gunia moja lina gharama, ila hulipwa na mtu mwingine.

Haki yatutaka tuwasemeshe wafanyakazi nao. Wako wanaovikataa viatu kwa kuwa vyawachelewesha. Wako wanaopanda mchikichi baada ya pombe. Wako wanaomcheka mwenzao aombaye kusaidiwa mzigo, wakimwita mlegevu. Ushujaa wa namna hiyo humnufaisha nani? Wazee wa Unyakyusa walikwenda kwa maelfu kuchimba dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1930, na nguvu zao zilisifiwa kila mahali. Lakini mwili ulikuwa ndio mali pekee waliyoondoka nayo nyumbani, na ndiyo mali pekee aliyo nayo kibarua wa leo. Tajiri akipoteza lori hununua jingine.

Wako pia ambao hawana mwajiri kabisa: mvuvi mwenye mtumbwi wake, mfinyanzi wa Ikombe, mkulima katika shamba lake. Hao Mfuko wa Fidia hauwafikii kwa namna hii, kwa sababu hakuna anayewachangia. Lakini watu wetu wanajua kuweka sanduku la kuzikana. Mtu akifa, fedha hupatikana siku ile ile kwa sanda na jeneza. Je, yatushinda nini kuweka sanduku jingine, la mtu aliyevunjika mguu na bado yu hai?

Jambo la mwisho ni la saa ile ile ya ajali, nalo laweza kuokoa mtu asiwe kiwete. Mtu aliyeanguka kutoka juu, au aliyeangukiwa na gunia shingoni, akilalamika maumivu ya shingo au mgongo, au akisema miguu imekufa ganzi, asiinuliwe kwa mikono. Asikalishwe. Asipakiwe katika pikipiki. Aachwe alale alivyo, kichwa chake kishikwe kisigeuke, mpaka wapatikane watu wanne au watano wa kumgeuza pamoja kwa mara moja, kama gogo, na kumlaza juu ya ubao au mlango ulionyooka. Hapo afungwe taratibu asiteleze, apelekwe katika gari hospitali ya wilaya, au Matema kwa walio upande huo. Na ikiwa hapana budi apelekwe Mbeya, ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda milima na kupinda kona. Mgongo uliofungwa vibaya Kyela hufika juu umeharibika zaidi.

Mwezi Juni 2022 mataifa wanachama wa Shirika la Kazi Duniani, ambalo nchi yetu ilijiunga nalo mwaka 1962, yalikubaliana kwamba mahali pa kazi palipo salama ni miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi, pamoja na haki ya kuunda vyama na haki ya kutotumikishwa kwa nguvu. Hayo yalisemwa Geneva, katika ukumbi mkubwa. Lakini haki hiyo haikai Geneva. Yakaa katika misumari minne ya kukazia vipande juu ya ubao, katika ufagio ulioegemezwa karibu na mashine, na katika karani anayeandika jina la kibarua kabla hajamwonyesha gunia la kwanza.

Ubao ule bado upo. Kesho alfajiri mvua itakuwa imenyesha, na mtu ataupanda na mzigo kichwani, asizione nyayo zake. Mwenyewe na aende akautazame kwanza.